Kabla ya kulaumu redio, itafutie kwanza mahali pa kukaa

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa mjini anapokwenda Kariakoo kununua seti ya muziki, hutumia saa nzima akiuliza bei, akilinganisha ukubwa wa spika na kusikiliza mlio wa sabufa hii na ile. Akishafika nyumbani, kazi ya kuipanga seti hiyo humalizika kwa dakika kumi. Amplifaya husukumwa kwenye tundu lililobaki kabatini, spika moja huwekwa juu ya jokofu, nyingine nyuma ya mlango, na sabufa hufichwa kona ili watoto wasiichezee.

Haipiti wiki malalamiko yakaanza. Muziki unasikika kama umefungiwa ndani ya pipa, maneno ya mtangazaji wa taarifa ya habari hayaeleweki, CD inarukaruka, na jirani wa chumba cha pili anagonga ukuta saa nne za usiku. Mwenye seti huamini kwamba ameuziwa bidhaa bandia. Huipeleka kwa fundi, au huanza kudunduliza fedha za kununua nyingine kubwa zaidi.

Mara nyingi seti hiyo haina kosa lolote. Kilichoharibika ni mpangilio: mashine imekaa mahali pasipoifaa, spika zimekaa pasipozifaa, na uhusiano kati ya mashine na spika haukufikiriwa kabisa. Kurekebisha mambo hayo hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji futi ya kupimia, nusu saa ya siku ya mapumziko, na ufahamu wa mambo machache kuhusu tabia ya sauti, mtetemo, joto na umeme.

Masikio mawili, spika mbili

Neno stereo lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni kitu chenye umbo kamili, kisicho bapa. Mhandisi wa Uingereza, Alan Blumlein, aliyekuwa akiifanyia kazi kampuni ya EMI mjini London, aliomba hataza ya mfumo huo Desemba 1931. Santuri za stereo zilianza kuuzwa madukani mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo karibu muziki wote unaorekodiwa hutayarishwa kwa ajili ya spika mbili, ya kushoto na ya kulia.

Msingi wake ni rahisi kuuelewa. Binadamu ana masikio mawili, na ubongo hutambua sauti inatoka upande gani kwa kulinganisha ni sikio lipi limeipata mapema na kwa nguvu zaidi. Tofauti hiyo ya muda ni ndogo mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo huitambua bila taabu.

Spika mbili zikipangwa vizuri, huudanganya ubongo kwa faida ya msikilizaji. Mwimbaji husikika kama amesimama katikati, mahali pasipo na spika yoyote. Gitaa husikika kushoto, tarumbeta kulia, na ngoma nyuma yao. Wapenzi wa muziki wa dansi wanaujua utamu huo, pale magitaa mawili yanapojibizana na kila moja likasikika kutoka upande wake.

Spika moja ikiwa juu ya jokofu na nyingine nyuma ya mlango, picha hiyo yote huvunjika. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika nyuzijoto 20, maana yake ni kwamba hutumia karibu sehemu tatu za elfu za sekunde kukata mita moja. Msikilizaji aliyeisogelea spika moja kwa sentimita 30 tu zaidi ya nyingine huipata sauti ya spika hiyo mapema kiasi cha kuufanya ubongo uamini kwamba muziki wote unatoka upande huo.

Ndiyo maana wataalamu wa sauti hupendekeza mpangilio wa pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa. Umbali kati ya spika na spika uwe sawa, au karibu sawa, na umbali kutoka kila spika hadi kwenye kiti cha msikilizaji. Spika zigeuzwe kidogo kumwelekea, na zile ndogo zinazotoa sauti nyembamba, ambazo mafundi huziita twita, ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Kwa makochi mengi, huo ni urefu wa kati ya sentimita 90 na mita moja kutoka sakafuni.

Mashine ikae wapi?

Swali linalosahaulika ni la mashine zenyewe: amplifaya, deki ya CD, king'amuzi, mashine ya santuri, na luninga. Je, zikae kati ya spika, pembeni yake, au mbali kabisa?

Katika nyumba nyingi jibu hutolewa na fundi seremala. Kabati refu la sebuleni, lenye tundu kubwa la luninga katikati na vyumba vya vyombo na picha za harusi pembeni, ndilo linaloamua kila kitu. Spika huingizwa ndani ya vyumba vya kabati hilo, na amplifaya hukaa chini ya luninga nyuma ya mlango wa kioo.

Mpangilio huo una kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba spika iliyozungukwa na mbao pande zote hulitikisa kabati lenyewe, likawa spika nyingine isiyotakiwa. Mlango wa kioo hulia, vikombe hugongana, na sauti nene hupata ule mlio wa pipa ambao wengi huulalamikia. Ya pili ni kwamba kitu chochote kirefu na kipana kilichosimama kati ya spika hurudisha sauti. Sauti hiyo iliyogonga na kurudi humfikia msikilizaji ikiwa imechelewa kidogo, ikachanganyika na ile iliyokuja moja kwa moja, na maneno yakapoteza ukali wake.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: mashine zikikaa kati ya spika, zikae kwenye meza fupi, na meza hiyo irudi nyuma ya uso wa spika. Spika zitangulie mbele walau kwa sentimita 20 au 30, kama watoto wawili wanaochungulia dirishani, ili kitu kilicho katikati kisiizuie sauti wala kuirudisha. Luninga bapa ya siku hizi inaweza kukaa hapo katikati bila tatizo kubwa, ilimradi nayo isogezwe nyuma karibu na ukuta.

Njia ya pili ni kuweka mashine pembeni, kwenye ukuta wa upande wa kushoto au wa kulia wa msikilizaji. Njia hii huacha nafasi kati ya spika ikiwa tupu, na mara nyingi hutoa picha nzuri zaidi ya muziki. Gharama yake ni waya mrefu zaidi wa spika, na pengine rimoti kutofanya kazi, kwa kuwa rimoti nyingi hutumia mwanga usioonekana ambao hauwezi kupita kona wala kuvuka mlango wa mbao.

Njia ya tatu ni ya wenye sabufa, ambayo ndiyo seti iliyoenea zaidi katika nyumba za kupanga. Katika seti hizo amplifaya imo ndani ya sanduku la sabufa, kwa hiyo mashine na spika nene ni kitu kimoja. Nyaya za spika ndogo hutokea nyuma ya sanduku hilo na mara nyingi ni fupi. Mpangilio unaofaa ni sabufa kukaa sakafuni kati ya spika ndogo, au karibu na mojawapo, na spika hizo zipandishwe juu ya vigoda au rafu hadi usawa wa masikio. Kuzibandika juu ya sabufa yenyewe ni kuua stereo, kwa sababu spika mbili zilizogusana husikika kama moja.

Mtetemo, adui asiyeonekana

Sehemu isiyofaa kabisa kwa mashine ni juu ya spika. Kwa macho panaonekana pazuri: pamenyooka, pana nafasi, na kimo chake kinafaa kuwekea kitu. Kumbe spika ni kifaa kilichotengenezwa kutetemeka, na chochote kinachowekwa juu yake hutetemeka pamoja nacho.

Mashine ya santuri ndiyo inayoumia zaidi. Kazi ya sindano yake ni kusoma mitikisiko midogo sana iliyochongwa kwenye santuri na kuigeuza kuwa umeme. Sindano hiyo haiwezi kutofautisha mtikisiko wa mchongo na mtikisiko wa meza. Spika ikiitikisa meza, sindano huupokea mtikisiko huo, amplifaya huukuza, spika huutoa ukiwa mkubwa zaidi, na meza hutikisika zaidi. Mzunguko huo ukikamilika hutoa mngurumo unaopanda wenyewe hadi mtu akimbilie kupunguza sauti. Ukiachwa, unaweza kuunguza spika.

Deki ya CD, teknolojia iliyoingia sokoni mwaka 1982, husoma kwa mwanga wa leza na si kwa sindano. Hata hivyo, leza hiyo inapaswa kufuata mstari mwembamba kuliko unywele, na mtikisiko mkubwa huifanya ipoteze njia, ndipo CD inaporuka. Kompyuta yenye diski ngumu ya kuzunguka nayo haipendi mtikisiko, kwa kuwa ndani yake kuna kichwa kinachoelea karibu sana na sahani inayozunguka kwa kasi. Simu na fleshi hazina kitu kinachozunguka, hivyo hazina hofu hiyo.

Kuna jaribio rahisi la kujua kama mashine imekaa pabaya. Piga muziki wenye besi nzito kwa sauti ya kawaida, kisha weka kiganja juu ya meza au rafu iliyobeba mashine. Kiganja kikihisi mtetemo, mashine inauhisi zaidi. Dawa yake ni kuitenganisha meza ya mashine na spika zisigusane, kutumia meza nzito isiyoyumba, na kuweka vipande vya mpira mgumu chini ya miguu ya spika au ya sabufa.

Aidha, sakafu ya zege huhamisha mtetemo kidogo kuliko sakafu ya mbao. Wakazi wa ghorofa za zege wana nafuu upande huo kuliko wanaoishi katika nyumba za zamani zenye dari na sakafu za mbao, ambamo hata hatua za mtu zinaweza kuirusha sindano ya santuri. Kwa nyumba za aina hiyo, rafu iliyofungwa imara ukutani ndiyo mahali salama pa mashine ya santuri.

Joto na vitambaa vya kufuma

Kuna desturi ya muda mrefu ya kuipamba redio. Kitambaa cheupe cha kufuma hutandazwa juu ya amplifaya, juu ya kitambaa huwekwa chombo cha maua, na wakati mwingine chombo hicho huwa na maji. Nia ni njema, lakini matokeo yake ni hatari.

Amplifaya haiwezi kugeuza umeme wote unaoupata kuwa muziki. Sehemu kubwa huwa joto, na matundu yaliyo juu na pembeni ya sanduku lake yamewekwa ili joto hilo litoke. Kitambaa huyaziba. Maji yakimwagika hupita kwenye matundu hayohayo hadi kwenye saketi zenye umeme, na hapo mwenye nyumba hupoteza redio akiwa na bahati. Asipokuwa na bahati, hupata moto.

Hata joto lisipounguza kitu kwa siku moja, hula maisha ya mashine polepole. Ndani ya amplifaya kuna vifaa vinavyoitwa kapasita, vingi vikiwa na kimiminika ndani yake. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzijoto 10 zinapoongezeka, umri wa kapasita za aina hiyo hupungua kwa takriban nusu. Katika jiji kama Dar es Salaam, ambako jua la Januari hufikisha joto la kivulini zaidi ya nyuzi 30, amplifaya iliyofungiwa nyuma ya mlango wa kioo huanza siku ikiwa tayari na mzigo.

Kwa hiyo amplifaya iachiwe nafasi ya walau sentimita 10 juu na pembeni. Isiwekewe king'amuzi wala deki juu yake. Vifaa vikibebana, chenye joto zaidi ndicho kikae juu. Kama kabati lina mgongo wa mbao nyembamba, fundi anaweza kutoboa nafasi ya hewa nyuma ya mashine. Wenye sabufa wakumbuke kwamba bati lenye mapezi lililo nyuma ya sanduku ndilo linalotoa joto la amplifaya, na halipaswi kugusa ukuta wala pazia.

Zamani kulikuwa na sababu nyingine ya kuitenga spika na luninga. Spika hufanya kazi kwa sumaku, na luninga za chogo zilichora picha kwa miale ambayo sumaku iliweza kuipinda, ndiyo maana kona ya kioo iliingia doa la zambarau au la kijani. Luninga bapa za sasa hazina tatizo hilo. Wenye chogo bado waiweke spika ya kawaida mbali nayo, na wenye kanda za kaseti za wazee wao wasizipange juu ya spika, kwa kuwa sumaku inaweza kufuta kilichorekodiwa.

Nyaya zisisahauliwe

Mashine ikihamishwa, waya huhama nayo, na hapa pia kuna makosa ya kawaida. Waya wa spika hubeba nguvu, na kila mita inayoongezeka huongeza ukinzani. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 0.5, unaofanana na ule mwembamba uletwao na seti nyingi, ukivutwa mita tano huwa na ukinzani wa takriban omu 0.34 kwenda na kurudi. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni asilimia 4, na kwa spika ya omu 4 ni zaidi ya asilimia 8. Waya wenye milimita za mraba 1.5 kwa umbali huohuo huwa na omu 0.12 hivi.

Tafsiri yake kwa mnunuzi ni nyepesi. Mashine ikikaa kati ya spika, waya mfupi na wa kawaida unatosha. Mashine ikihamishiwa ukuta wa pembeni, waya mwembamba ubadilishwe kwa mnene. Shaba ya kawaida inatosha. Hakuna haja ya kununua waya wa bei ya mbuzi kwa sababu tu umefungwa kwenye boksi la kung'aa.

Nyaya zinazopeleka muziki kutoka deki au king'amuzi hadi kwenye amplifaya ni jambo tofauti. Hizo hubeba umeme mdogo sana, na zikilala sambamba na waya wa umeme wa ukutani zinaweza kuokota mngurumo wa mizunguko 50 kwa sekunde, ambao ndio mwendo wa umeme wetu. Nyaya hizo ziwe fupi, zipitishwe mbali na zile za umeme, na zikilazimika kukutana, zikatizane kama msalaba badala ya kulala pamoja.

Jambo la mwisho kuhusu nyaya ni alama za nyekundu na nyeusi. Spika moja ikiunganishwa kinyume, koni yake huvuta wakati ya mwenzake inasukuma. Sauti nene hufutana hewani, na mwimbaji aliyepaswa kusikika katikati hupotea. Watu wengi wamenunua sabufa ya ziada kwa ajili ya besi iliyopotea kwa sababu hiyo moja.

Kona, ukuta na jirani

Sauti nene ina mawimbi marefu. Wimbi la mizunguko 100 kwa sekunde lina urefu wa mita 3.4, na la mizunguko 40 lina zaidi ya mita 8, kupita urefu wa sebule nyingi. Mawimbi ya ukubwa huo hayasikilizwi na spika peke yake. Chumba kizima hushiriki. Spika ikisogezwa karibu na ukuta, besi huongezeka, na ikiwekwa kona, ambapo kuta mbili na sakafu hukutana, huongezeka zaidi.

Ndiyo maana sabufa ndogo iliyotupwa kona hunguruma kama gari la mchanga. Maji ya kifuu, bahari ya chungu: nguvu ambayo ingepotea katika ukumbi wa harusi hujaa na kufurika katika chumba cha mita 3 kwa 4. Kuivuta sabufa nusu mita kutoka kona, kisha kupunguza kitufe chake cha besi, huweza kurudisha usafi wa sauti kuliko matengenezo yoyote ya fundi.

Mahali pa msikilizaji nako kuna uzito wake. Kochi lililogusa ukuta wa nyuma hupata besi iliyozidi. Lililo katikati kabisa ya urefu wa chumba hupungukiwa na baadhi ya sauti nene. Katika chumba chenye urefu wa mita 4, sauti ya mizunguko 43 hivi kwa sekunde hujaa kwenye kuta na kufifia katikati.

Chukua mfano wa chumba cha mita 3 kwa 4. Spika zipangwe kwenye ukuta wa mita 3, zikiachana mita 1.8, kila moja ikiwa sentimita 60 kutoka ukuta wa pembeni. Nyuso zake ziwe sentimita 40 kutoka ukuta wa nyuma yake. Meza fupi ya mashine ikae katikati, imegusa ukuta, ili spika ziwe mbele yake. Kochi liwekwe ili kichwa cha msikilizaji kiwe mita 2.5 kutoka ukuta huo. Hapo atakuwa mita 2.3 hivi kutoka kila spika. Umbali huo umezidi kidogo pembetatu iliyo sawa, lakini unamtoa katikati ya chumba palipo na besi hafifu na kumwachia mita 1.5 nyuma yake.

Vyumba vyetu vingi vina kuta za matofali ya saruji zilizopigwa plasta, sakafu ya vigae na madirisha ya vioo. Vitu hivyo vyote hurudisha sauti, ndiyo maana sebule isiyo na samani hulia kwa mwangwi. Zulia au busati kati ya spika na kochi, mapazia mazito, makochi ya kitambaa na kabati la vitabu hupunguza mwangwi huo bila gharama ya vifaa maalumu.

Suala la jirani ni zito zaidi. Katika nyumba za kupanga zenye chumba na sebule, ukuta mmoja hutenganisha familia mbili. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta huo, lakini besi hupita, kwa kuwa mawimbi yake marefu huutikisa ukuta wenyewe. Mwenye redio husikia wimbo. Mwenzake wa upande wa pili husikia midundo mitupu, pengine akiwa na mtoto mchanga au mgonjwa. Kwa hiyo spika na sabufa zisiegemezwe kwenye ukuta wa pamoja. Ziwekwe kwenye ukuta wa nje, au ule unaotenganisha vyumba vya nyumba hiyohiyo.

Sheria nayo haijanyamaza. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, Tanzania ilitoa mwaka 2015 kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo. Kenya ilikuwa imetoa kanuni zake mwaka 2009. Baa na nyumba za starehe ndizo zinazotajwa zaidi habari za kelele zinapozuka, lakini ukuta wa jirani hautofautishi mdundo wa baa na wa sebuleni.

Karibu, kwa sauti ndogo

Faida kubwa ya mpangilio mzuri haionekani kwa macho: mtu huweza kusikia vizuri bila kupandisha sauti. Spika zikiwa zimefichwa kabatini, maneno hayaeleweki, na mkono hukimbilia kitufe cha sauti. Kupandisha sauti hadi isikike maradufu, yaani takriban desibeli 10 zaidi, huitaka amplifaya itoe nguvu mara kumi. Joto linaongezeka, spika zinaelemewa, na masikio yanaumia.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwaka 2019, pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), kiwango cha usikilizaji salama kwa vifaa vya mtu binafsi: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, na desibeli 75 kwa muda huohuo kwa watoto. Kwa kuwa kila desibeli 3 huongeza nishati ya sauti maradufu, muda salama hukatwa nusu kila zinapoongezeka. Kwa mtu mzima, desibeli 83 ni saa 20 kwa wiki, na 89 ni saa 5 tu. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kutokana na mazoea ya kusikiliza kwa sauti kubwa.

Sikio lililoharibiwa kwa kelele halirudi. Chembechembe nyembamba kama vinyweleo zilizo ndani yake zikifa, hazioti tena, na hakuna fundi wa kuzibadilisha kama anavyobadilisha koni ya spika. Mtoto anayecheza sakafuni mbele ya sabufa huwa karibu nayo kuliko mzazi aliye kwenye kochi, na humfikia sauti kubwa zaidi. Spika ndefu za kusimama nazo zisiachwe zikiyumba, kwa kuwa mtoto anayejifunza kutembea hushika chochote kilicho karibu.

Kwa hiyo mwenye seti inayolia vibaya, kabla ya kurudi dukani au kumwita fundi, na aanze na haya kwa mpangilio. Aitoe mashine juu ya spika. Aondoe kitambaa na chombo cha maua. Azitoe spika kabatini, azitangulize mbele ya meza na kuzipima ziwe umbali sawa kutoka kwenye kochi. Aivute sabufa kutoka kona na kuiondoa kwenye ukuta wa jirani. Akague nyekundu imeingia kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi.

Baada ya hapo apige wimbo anaoujua vizuri, kwa sauti ya chini kuliko alivyozoea. Mwimbaji akisikika katikati na kila neno likaeleweka, fedha za redio mpya zibaki mfukoni.